Mwanamke wa Jaladani Hajafa

Kwa miaka kumi na minane watu wasiomjua Avril Tromans walikuwa wakisimuliana jinsi alivyokufa. Wengine walisema alijitupa mferejini siku ya tatu baada ya kupigwa picha. Wengine walisema alikuwa maiti tangu mwanzo, kwamba mpiga picha aliona ukuta mtupu na maji tu, na mwanamke akajitokeza mwenyewe kwenye karatasi wakati picha inasafishwa. Avril hakuwa na habari. Alikuwa pale pale Cradley Heath, mji mdogo karibu na Birmingham, mtaa wa pili kutoka kwenye huo mfereji, akiwapikia chakula cha mchana watoto mia mbili wa shule ya msingi.

Habari za kifo chake zilimfikia jikoni, Jumanne moja ya Oktoba mwaka 1988, wakati akikoroga kastadi. Mwenzake wa jikoni, Noreen Bissell, aliingia na karatasi aliyopewa mlangoni mwa kanisa. Noreen ni mtu asiyeweza kusoma jambo peke yake. Alijifuta mikono, akaegemea meza ya viazi, akaanza kumsomea Avril kwa sauti.

Karatasi ilitoka kwa Mchungaji Elwyn Probert, aliyehamia mjini mwaka ule. Iliwaonya wazazi kuhusu majalada ya santuri za muziki wa roki, kwamba ndani ya michoro na picha zake mmefichwa alama za kuzimu, na vijana wanazinywa kwa macho bila kujua. Wanaokubali watie sahihi chini: maktaba iache kuazimisha santuri hizo, muuzaji wa santuri pale sokoni anyang'anywe meza, na kila nyumba ilete za kwake zichomwe tarehe tano Novemba, siku ambayo mji mzima huwasha mioto. Katikati ya karatasi palikuwa na picha ya jalada moja kama mfano: ukuta wa matofali, maji meusi, na mwanamke aliyejifunika shuka jeusi, kainua mkono wa kulia. Chini yake paliandikwa: Mkono wa Ibilisi, umepigwa picha katika mji wetu mwaka 1970, na mwenye mkono alikufa siku ya tatu.

"Utazame huo mkono," Noreen alisema. "Cha shahada na cha mwisho vimesimama, vya kati vimekunjwa. Pembe tupu. Shoga, mimi nywele zimenisisimka."

Avril aliitazama picha kwa muda. Alipunguza moto ili kastadi isiungue, akajifuta, akauweka mkono wake wa kulia mezani, kando ya karatasi.

"Noreen, tumefanya kazi pamoja miaka mingapi?"

"Tisa. Kwa nini?"

"Hesabu vidole."

Noreen alihesabu. Alikuwa ameuona mkono ule kila siku kwa miaka tisa, ukimenya viazi, ukikanda unga, ukimfunga aproni mgongoni, na alikwisha kuuzoea kiasi cha kutouona tena. Kidole cha kati hakikuwepo, wala cha pete. Alirudisha macho kwenye picha, akayarudisha mezani, kisha akakaa juu ya gunia la viazi.

"Mimi nimeshatia sahihi," alisema.

Avril alimwambia asijali, karatasi ina nafasi ya majina mengi. Lakini kastadi ya siku ile ilishika chini, na watoto waliila ikiwa na madonge.

*

Vidole vile vilikwenda mwezi Februari 1970, katika kiwanda cha bawaba kilichokuwa kando ya mfereji. Avril alikuwa na miaka ishirini na mbili, akiendesha presi namba saba, mashine inayoshuka kwa kishindo na kukunja bamba la chuma mara moja. Kila presi ilikuwa na kinga, wavu wa chuma unaotangulia kushuka ili mkono usibaki ndani. Kinga iliokoa mikono, lakini ilichelewesha kazi. Wiki ile kulikuwa na oda kubwa, na nyapara wao, Cyril Willetts, alipita na spana akazifungua kinga zote, akazisukumia chini ya benchi. Aliwaambia wanawake wachangamke tu, macho yao ndiyo kinga.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na saa ya chai. Avril hakukumbuka maumivu. Alikumbuka sauti, kwa sababu ilikuwa sauti ile ile ya kila bamba, bila tofauti yoyote.

Mkaguzi wa serikali alikuja Jumatatu. Avril alikuwa bado hospitali. Mkaguzi alizikuta kinga zote mahali pake, zimekazwa vizuri na kupakwa rangi ya kijani inayong'aa, na kwenye kitabu cha ajali akakuta maneno yenye sahihi ya Willetts: mfanyakazi alifungua kinga mwenyewe ili amalize mapema. Hapakuwa na la kubishania. Avril alipotoka hospitali alikuta nafasi yake ameshapewa mwingine, na sababu imeandikwa kuwa ni uzembe. Wenzake wa kwenye presi walimwonea huruma wakiwa barabarani, lakini kila mmoja alikuwa na nyumba ya kulisha, na hakuna aliyekwenda kusema.

Mwezi Julai mwaka ule akaja Kelvin Raybould, kijana wa jirani aliyepiga gitaa la besi katika kundi la muziki wa kelele. Walijiita Pete ya Mwisho, kwa kuwa mji wao ulikuwa wa mafundi wa minyororo. Walikuwa wamerekodi santuri yao ya kwanza na walihitaji picha ya jalada. Msichana mmoja wa chuo cha sanaa Birmingham, Hester, angepiga bure. Walichokosa ni mwanamke mwenye uso mgumu.

"Ndiyo ukanikumbuka mimi," Avril alimwambia. Kelvin akaona aibu, lakini hakukana.

Avril alikubali kwa sharti moja, kwamba mahali atachagua yeye. Aliwapeleka ng'ambo ya mfereji, nyuma ya kiwanda, mahali ambapo madirisha ya ofisi ya nyapara yanaonekana juu ya ukuta. Alivaa shuka jeusi la bibi yake, aliyekuwa mfua minyororo. Hester alimwomba auingize mkono ndani ya shuka, kwa upole, akidhani anamstahi.

"Nikiuficha mkono, utakuwa umepiga picha ya shuka," Avril alisema. Akauinua, kiganja kikielekea kamera, ili yeyote atakayeliona jalada asiweze kukwepa kuuliza.

Hakuna aliyeuliza. Watengenezaji wa jalada kule London waliifanya picha kuwa ya kijivu na kijani, makovu yakawa vivuli, na jina lake hawakuliandika popote. Santuri haikuuzwa. Kundi lilivunjika kabla ya mwaka kwisha, Kelvin akahamia Kanada, na Avril akaolewa na Horace Tromans, fundi wa mabasi. Nakala moja ya santuri ilikaa nyuma ya kabati lao la nguo.

Horace hakuwa mtu wa kelele. Jioni ya ile Jumanne alipoonyeshwa karatasi, aliisoma mara mbili, akamshauri mkewe aachane nayo. Watu watasema mpaka watachoka.

"Wamesema miaka kumi na minane," Avril alimjibu. "Nani kachoka?"

*

Kesho yake, baada ya kuosha masufuria, alikwenda kwa Mchungaji. Elwyn Probert alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye adabu na sauti ya kuimba ya watu wa Wales. Alimkaribisha ofisini kwake nyuma ya kanisa, akammiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Avril aliweka mkono wake kwenye mwanga wa dirisha. Mchungaji aliutazama bila kuchukizwa, na kwa hilo Avril alimpa heshima yake.

Alisema anamwamini. Lakini, aliendelea, Ibilisi hutumia hata ajali. Yawezekana yeye hakukusudia ubaya, ila wale vijana walikusudia, na alama ikishakuwa alama haimwulizi mwenye mkono. Akamwomba afike kwenye mkutano wa Jumamosi ukumbini, asimame mbele ya wazazi na kueleza kwamba alikuwa binti mdogo aliyetumiwa, na sasa ameikataa picha ile. Ingewagusa wengi, alisema.

"Unataka niukatae mkono wangu?"

"Picha, mama. Si mkono."

"Ni ule ule, Mchungaji. Sina wa akiba."

Mchungaji aliomba radhi kama ametamka vibaya. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaeleza kwamba jalada lile hakulitafuta yeye. Aliletewa na mzee wa kanisa anayemwamini sana, aliyelikuta chumbani kwa mjukuu wake akasikitika mno. Mzee huyo ndiye aliyemwonyesha zile pembe. Ndiye pia aliyependekeza kuchoma.

Avril alimwuliza ni mzee gani.

"Mzee Cyril Willetts," alisema Mchungaji. "Nadhani mnafahamiana. Mji wenyewe mdogo."

Avril alikunywa chai yake yote. Miaka yote ile alikutana na Willetts njiani mara nyingi, wakapeana habari za mvua kama watu wanavyofanya. Hakuwahi kumsogelea kumdai neno. Sasa alimwona kama vile yupo mbele yake: mzee amekaa kwenye kitanda cha mjukuu, jalada mapajani, anautambua mkono, anamtambua mwenye mkono, anatambua hata madirisha ya ofisi yake mwenyewe, halafu anatafuta jina la kuupa. Akaupa la Ibilisi.

Aliweka kikombe chini, akamwambia Mchungaji kwamba Jumamosi atafika.

*

Kabla ya Jumamosi alikuja mtu mwingine. Noreen, ambaye siri kwake ni mzigo, alikwisha kumwambia muuzaji wa santuri pale sokoni, na Ijumaa jioni muuzaji huyo alisimama mlangoni kwa akina Tromans akiwa amekumbatia mfuko wa plastiki. Aliitwa Lionel Pugh. Alikuwa na mvi ndefu zilizofungwa nyuma na koti la ngozi lililochakaa kwenye viwiko. Alimtazama Avril usoni, akamtazama mkono, kisha akaomba kiti.

Kutoka kwake ndipo Avril aliposikia visa vyote kwa ukamilifu. Santuri ile iliyoshindwa kuuzwa ilikuwa sasa inatafutwa na watu kutoka miji ya mbali, hata Ujerumani na Japani. Walikuwa wakilikagua jalada kwa kioo cha kukuzia. Kivuli cha mwanamke majini hakina kichwa, walisema. Avril akakumbuka kwamba palikuwa na ubao unaelea. Kwenye bomba la maji machafu mna namba ya mnyama. Ilikuwa namba ya bomba. Herufi nne zilizobaki ukutani, ukizisoma kinyumenyume, ni jina la pepo. Zilikuwa za tangazo la bawaba. Na mkono, bila shaka, mkono ulikuwa na kurasa zake peke yake katika vijarida vya mashabiki.

Lionel mwenyewe alikuwa amekwenda pale ukutani kila mwaka, tarehe inayosemwa alikufa, kwa miaka kumi na tano, kumsubiri amtokee.

"Saa ngapi?" Avril aliuliza.

"Magharibi."

"Magharibi mimi napita darajani natoka dukani. Labda uliniona na kabichi."

Lionel hakucheka. Alikuja na ombi, na alilitoa kwa shida, kama mtu anayekopa. Alimwomba asiende kwenye mkutano. Mchungaji aseme atakalo, wachome watakachochoma, yeye hata meza yake wakimnyang'anya atahamia mji mwingine. Lakini mwanamke wa jaladani asijitokeze. Akiwa hai, alisema, santuri itakuwa santuri tu na picha itakuwa picha ya mtu.

"Ni picha ya mtu," Horace alisema kutoka kwenye kochi lake. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni ile.

Avril hakumkasirikia Lionel kama alivyodhani angekasirika. Alimwona anatetea kitu alichokipenda. Lakini alimweleza waziwazi kwamba kanisa linamtaka awe shetani, yeye Lionel anamtaka awe mzuka, na katika wote hao hakuna aliyebisha hodi kuuliza vidole vimekwenda wapi.

"Wewe angalau ulinitakia kifo kizuri," alimwambia. "Asante. Lakini kesho nakwenda."

*

Mkutano ulianza saa nane mchana. Ukumbi wa kanisa ulijaa, watu kama tisini, wengi wao wazazi, wengine wazee waliokuja kwa ajili ya chai na keki. Mbele, kwenye ubao wa miguu mitatu, jalada lilikuwa limekuzwa hadi kimo cha mlango. Avril hakuwahi kujiona mkubwa hivyo. Willetts alikuwa benchi la kwanza, kofia mapajani, shingo imenyolewa vizuri. Noreen alishika mkono wa Avril upande mmoja, Horace akakaa upande wa pili na suti yake ya harusini. Lionel alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mchungaji aliongea vizuri. Alieleza hatari ya vitu vinavyoingia akilini kwa mlango wa uani. Alipofika kwenye jalada alichukua fimbo akaonyesha pembe, namba, herufi. Kisha akauliza kama kuna mzazi mwenye neno.

Avril alisimama.

"Naitwa Avril Tromans. Huyo hapo ni mimi. Nimesikia nilikufa, nikaona nije nione mazishi yanakwendaje."

Wengine walicheka. Wengine waligeuka kumtazama Mchungaji, kana kwamba ndiye mwenye ruhusa ya kuamua kama kicheko kinafaa. Mchungaji angeweza kumkalisha chini. Hakumkalisha. Alirudi hatua moja, akashusha fimbo.

Avril alikwenda mbele, akasimama kando ya ubao, akainua mkono kama alivyouinua ng'ambo ya mfereji. Akaushikilia juu, ili walio nyuma nao wapate kuhesabu. Alisikia ukumbi ukinyamaza benchi baada ya benchi.

Aliwaambia kwamba Mchungaji hakukosea, jalada lina maana iliyofichwa, na yeye ndiye aliyeiweka. Akawaeleza presi namba saba. Akawaeleza spana, na kinga chini ya benchi, na oda iliyokuwa na haraka. Akawaonyesha madirisha juu ya ukuta kwenye picha, akawaambia ofisi ile ilikuwa ya nani. Hakupaza sauti wala hakulia. Alieleza kama anavyowaelekeza wasaidizi wapya jikoni, kitu kimoja baada ya kingine.

Kisha akageukia benchi la kwanza.

"Mzee Willetts, ulipompelekea Mchungaji picha hii, ulimwambia ni mkono wa nani?"

Willetts alikuwa akizungusha kofia. Alijibu kwamba ni zamani sana, kwamba hakumtambua, macho yake yameharibika.

Aliyemjibu hakuwa Avril. Kule nyuma kwenye birika kubwa la chai alikuwa ameketi Edna Foxall, bibi wa miaka sitini na kitu, ambaye kila mtu alimjua kwa keki zake za tangawizi. Alisimama kwa kujishikiza mezani.

"Mimi nilikuwa namba nne," alisema. "Miaka miwili kabla yake." Akainua mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa kimeishia kwenye fundo. "Niliandikiwa uzembe vilevile. Na wewe Avril ulipoumia nilijua, sikwenda kusema. Nilikuwa na watoto wanne. Leo nasema."

Mwanamke mwingine, upande wa madirisha, aliinua mkono bila kusimama. Mumewe aliyekuwa kando yake akauangalia mkono ule wa miaka yote kana kwamba ameletewa leo.

Willetts alisimama. Watu walidhani anatoka, wakampisha. Hakutoka.

"Sikuamua mimi," alisema. "Niliambiwa nizitoe, nikazitoa. Nikaambiwa nizirudishe, nikazirudisha."

"Na rangi ya kijani?" Avril aliuliza.

"Nilizipaka mimi mwenyewe. Jumapili."

Hapo ndipo ukumbi ulipoguna. Vidole walikuwa wamevimeza kimya, uongo wa kwenye kitabu walikuwa wameumeza kimya, lakini mzee wa kanisa kupaka rangi siku ya Jumapili kulimtoa pumzi kila mtu kwa pamoja. Avril aliusikia mguno ule na karibu acheke. Alijizuia, kwa sababu Willetts alikuwa amebaki amesimama, mzee mmoja na kofia yake, hajui akae au aende.

Mchungaji alikuja mbele. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisema tumwombe Mungu, tusameheane.

"Omba, Mchungaji," Avril alisema. "Ila mimi sikuja kusamehewa, na msamaha wa kugawa leo sina. Nimekuja mnijue. Mkitaka kuchoma picha yangu, jina la kuandika juu yake mnalo sasa."

Alirudi mahali pake, akachukua koti. Horace alikuwa ameshasimama. Walipopita karibu na birika, Edna Foxall alimpa Avril keki mbili zilizofungwa kwenye karatasi.

*

Mioto ya tarehe tano iliwashwa kama kawaida. Kuna waliochoma santuri, hawakuwa wengi, na jalada la Pete ya Mwisho halikuwemo. Mchungaji alikwenda maktaba mwenyewe kuiondoa karatasi yake ya sahihi. Kuhusu santuri nyingine alibaki na msimamo wake, na alimweleza Avril hivyo usoni, naye akamwambia huo ni uhuru wake. Jioni ya mioto Mchungaji alikuwa amelibeba lile jalada aliloletewa na Willetts. Aliuliza kama analitaka. Avril alimwambia alirudishe kwa mjukuu wa Willetts, ndiye mwenyewe.

Willetts aliandika barua. Ililetwa na mkewe wiki ya pili, ukurasa mmoja, yote yamo, tarehe, spana, kopo la rangi, na sahihi ile ile ya kwenye kitabu. Haikuwa na faida mahakamani, kiwanda kilikuwa kimebomolewa miaka saba nyuma, ukabaki ule ukuta tu, na wenye kiwanda walikuwa wamekufa. Horace alitaka kuifunga kwenye fremu. Avril aliisoma mara moja, akaipeleka kwenye gazeti la mji, na Ijumaa ikatoka ukurasa wa tatu pamoja na picha ya mkono wake, safari hii kwa rangi zake halisi. Wanawake sita waliandika gazetini baada ya hapo. Wote walitaja namba za presi zao.

Lionel alibaki na meza yake sokoni. Mwezi Januari alimsimamisha Avril akiwa na kapu, akamwambia kwa uso wa kushindwa kwamba kisa hakikufa. Kimenenepa. Sasa wanasema yule mwanamke alitoka mferejini, nguo zinadondosha maji, akaingia kanisani katikati ya ibada, na mzee mmoja akaungama na kuanguka papo hapo. Avril alimfahamisha kwamba huyo mzee alimwona juzi akichimba vitunguu. Lionel alisema anajua, ameshawaambia, hawataki kusikia.

"Basi niletee hao watu," Avril alisema.

Ndiyo sababu Jumamosi moja ya Machi alipanda treni na Noreen kwenda Birmingham, kwenye mnada mkubwa wa santuri. Lionel alimwekea meza ndogo kando ya yake, na kalamu. Mwanzoni watu walisimama mbali, wakinong'ona. Kisha kijana mmoja mrefu, nywele mpaka mabegani, alisogea na jalada lake ndani ya plastiki. Alitoka Leeds kwa ajili hiyo. Alimkagua Avril, akakagua jalada.

"Samahani, mama, lakini huyu si wewe. Huyu alifariki. Mimi nimefanya utafiti."

"Haya. Ukirudi Leeds utasema umeongea na maiti, na maiti alikuwa anasubiri chai."

Kijana alitabasamu kwa kulazimika. Avril aliinua mkono, akauweka kandokando ya picha. Kijana alitazama kwa muda mrefu. Masikio yalimwiva, akalitoa jalada kwenye plastiki, akamsogezea.

Avril alishika kalamu kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyojifundisha upya hospitali. Aliandika chini ya ukuta, kwa herufi kubwa asizozifanyia haraka: jina lake lote, presi namba saba, Februari 1970, kinga iliondolewa. Kijana aliyasoma maneno hayo akiligeuza jalada huku na huku. Aliuliza, kwa heshima, kama hangeweza kuongeza jambo la kutisha kidogo.

"Hilo ndilo la kutisha, mwanangu," alisema Avril. "Lisome polepole."

Noreen alifika na chai mbili. Nyuma ya kijana watu walikuwa wameanza kupanga foleni.